Mtoto Hajui Kutema, Hiyo Dawa Anaimeza

Kama unapandia matatu Odeon jioni, bila shaka umemwona. Jamaa mwenye begi, sauti ya mhubiri, anauza dawa ya kusukutua ya mitishamba. Karafuu, mwarobaini, tangawizi, zote ndani ya chupa moja. Eti inaondoa harufu, inaua wadudu wa meno, "hata mtoto anatumia". Mia moja tu.

Hapo kwa mtoto ndipo tunakosana.

Sina ugomvi na mitishamba. Nyanya yangu ametafuna kijiti cha mswaki maisha yake yote na bado anavunja mahindi choma. Lakini kijiti kinasugua. Meno ya mtoto yanaoza kwa sababu bakteria kwenye ule utando wa meno wanakula sukari na kutoa asidi, na asidi inachimba jino. Utando huo hautoki kwa kusukutua, hata ungekuwa na karafuu yote ya Zanzibar.

Mwaka jana mpwa wangu wa miaka minne alikuwa anasukutua hiyo dawa kila asubuhi. Mdomo ulinukia vizuri, kwa hivyo nyumbani hakuna aliyehangaika na mswaki. Kisha shavu likavimba. Usiku mbili hakulala, tukaenda kliniki, meno mawili yakang'olewa. Chupa niliinunua mimi.

Watu wananiambia ni meno ya utoto tu, si yataota mengine? Yataota, ndiyo, lakini magego ya utoto hukaa mpaka miaka kumi au kumi na miwili, na ndiyo yanayoshikilia nafasi ya yale ya ukubwani. Yakitoka mapema, mengine yanakuja yamepinda.

Halafu kuna kumeza. Mtoto chini ya miaka sita hajui kutema vizuri, ndiyo maana madaktari wa meno hawampi dawa ya kusukutua ya aina yoyote. Mafuta makali ya karafuu yakimezwa na mtoto yanaweza kuharibu ini. Kwani "asili" maana yake haidhuru?

Kinachofaa hakina mbwembwe. Mswaki mara mbili kwa siku, dawa ya meno yenye floridi: kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka mitatu, punje ya minji kuanzia hapo mpaka sita. Na umsugue wewe mwenyewe, usimwachie. (Kama mnakunywa maji ya kisima upande wa Nakuru, ambako floridi huwa nyingi majini, ongea na daktari wa meno kwanza.) Sukari usiku, hapana, hata kwenye chupa ya maziwa.

Wiki jana nilimkuta yule jamaa tena. Nikamuuliza orodha ya viungo iko wapi, na nembo ya KEBS je? Alishukia steji iliyofuata.