Sakitu haiji Julai

Miongoni mwa makosa yanayosambazwa na masomo yetu ya shule bila yeyote kukusudia, lipo moja linaloigharimu mimea uhai wake. Nalo ni kulitwika neno "kipupwe" mzigo usio wake. Mwalimu akikutana na majira ya baridi ya Ulaya katika somo la jiografia, huyaita kipupwe. Akiizungumzia baridi ya Julai huko Limuru, huiita kipupwe. Na mwanafunzi akiuliza ni wakati gani mimea ya bustani huhitaji kukingwa, jibu huwa lilo hilo: wakati wa kipupwe.

Kipupwe ni neno la pwani. Hutaja miezi ya Juni hadi Agosti, pepo za kusi zinapovuma na joto la mwambao likapungua. Hakuna mwembe uliokufa kwa kipupwe Lamu wala Mombasa. Ama majira ya baridi ya Ulaya ya kaskazini ni jambo jingine kabisa: ardhi yenyewe huweza kuganda kwa majuma mengi, na mimea mingi ya kudumu hupukutisha majani ikajihifadhi mizizini hadi majira ya machipuko. Huku kwetu, katika nyanda za juu za Kinangop, Ol Kalou, Molo na Kericho, adui wa mimea si huyu wala si yule. Ni sakitu, ambayo kamusi huiita pia jalidi.

Sakitu ina kalenda yake, na kalenda hiyo haipatani na ya kipupwe. Mwezi wa Julai mawingu hutanda juu ya nyanda za juu usiku na mchana. Watu hutetemeka, lakini mawingu hayo ni blanketi. Huzuia joto la ardhi lisitoroke. Kati ya Desemba na Februari mambo hugeuka. Jua huwaka mchana, hewa hukauka, na usiku mbingu huwa nyeupe kwa nyota. Joto la ardhi hupaa lote, na kabla ya mapambazuko umande huganda juu ya majani. Januari 2012 sakitu iliunguza mashamba ya chai ya Kericho na Nandi, katika msimu ule ule ambao mtu wa pwani huuita kaskazi na kulalamikia joto lake.

Atatokea msomaji aniulize: wewe ni mtu wa isimu, jembe lakuhusu nini? Jawabu langu ni kwamba neno likikosewa, kazi hukosewa. Mwanafunzi wa Ol Kalou aliyefunzwa kwamba baridi ya kuua mimea ni kipupwe atafunika mawaridi yake Julai bila haja, kisha Januari ayaache wazi.

Kosa la pili huzaliwa na lile la kwanza. Tukishaamini kwamba baridi ni moja, tunaazima na dawa yake. Vitabu vya bustani vya Ulaya hushauri mkulima atandaze majani makavu kwa wingi juu ya mizizi ardhi ikishaganda, isije ikayeyuka na kuganda tena na tena hadi ikaing'oa mizizi. Ni shauri jema huko. Huku kwetu, udongo wa shambani haugandi kwa kina hicho. Kinachoungua ni jani na chipukizi. Matandazo mazito huhifadhi mizizi, naam, lakini pia huzuia joto la udongo lisipande usiku kuyafikia majani ya mimea mifupi. Usiku wa sakitu, udongo ulio wazi na wenye unyevu huisaidia mimea hiyo kuliko udongo uliofunikwa.

Basi lifanyike nini? Udongo na unyweshwe maji mapema mchana, upate kuhifadhi joto la jua. Jioni, mimea michanga ifunikwe kwa magunia au nyasi kavu zilizoinuliwa kwa vijiti, na asubuhi ifunuliwe. Bustani isipandwe bondeni, kwa maana hewa baridi hutiririka kama maji ikatuama chini. Na ua ulioziba mteremko uachiwe mwanya hewa hiyo ipite. Mimea isipogolewe wala kutiwa mbolea ya kuchipuza karibu na Desemba, kwani chipukizi changa ndilo la kwanza kuungua. Na iliyoungua isikatwe kwa pupa: ingojewe hadi machipukizi mapya yaonyeshe palipo hai na palipokufa.

Tukitaka mwalimu wa kutufunza haya, hatuna haja ya kuvuka bahari. Yuko Mlima Kenya. Kule juu hakuna majira ya baridi ya miezi mitatu. Kuna baridi ya usiku mmoja inayorejea mwaka mzima. Senesio kubwa za mlimani hufumba majani yao usiku kulinda kichipukizi kilichomo ndani, na majani yaliyokufa hayadondoki, bali hubaki yamelivika shina kama koti. Lobelia mojawapo huhifadhi maji katikati ya majani yake. Maji hayo huganda juu tu, na kichipukizi kilicho chini yake hakigandi. Mkulima mwenye mazoea ya kupalilia kila jani kavu ili bustani ipendeze ana la kujifunza hapo.

Mtaala wa Umilisi unawahimiza wanafunzi kujifunza kwa vitendo. Ninawasihi walimu wa nyanda za juu watumie fursa hiyo. Kabla ya shule kufungwa mwishoni mwa mwaka, wapangeni wanafunzi watakaoilinda bustani Desemba, maana sakitu haingojei muhula ufunguliwe. Wapeni daftari waandike ni usiku upi umande uliganda, na mbingu ilikuwaje. Waulizeni wazee wao sakitu huitwaje kwa lugha ya nyumbani, kwa kuwa aliyeishi na kitu ndiye mwenye jina lake. Na walimu wa Kiswahili nao wasiliache neno hili lilale kamusini. Kipupwe tukirudishe pwani kwenye heshima yake, na sakitu tuiite sakitu. Tahadhari kabla ya hatari, lakini hatari isiyo na jina hukuta watu wamelala.