Udongo Usiopitisha Maji
Wasomaji wetu wengi hujenga kwa udongo, na kila mmoja ataka ukuta usiolowa mvua. Wako wanaochanganya udongo huo na oili chafu ya motakaa. Ni kweli, maji huteleza juu yake. Lakini oili hiyo ina madini mabaya na sumu ziletazo saratani, nazo huweza kushuka mpaka kisimani. Huko Times Beach, Marekani, miaka ya 1970 barabara za vumbi zilinyunyizwa oili chafu yenye dioksini. Mwaka 1983 serikali ikaamua kuununua mji ule, watu wahame. Basi changanyeni udongo na chokaa au saruji, na upenu uwe mpana. Ukuta uliobomoka hujengwa tena. Kisima kikiharibika, watoto watakunywa nini?