Kidonda kisafi, mama!

Jamani wadau, leo sina utani.

Mama yangu mkubwa anakaa Kasingirima, Ujiji. Anauza mawese, na ana sukari. Mwaka jana alitoka kidonda kwenye kidole cha mguu. Kila akienda kufungwa anaambiwa, "Kisafi mama, kinaendelea vizuri." Miezi mitatu wimbo ule ule... kisha kidole kikakatwa. Hospitali siitaji, na nesi simlaumu. Alitumia macho na pua, ndivyo vifaa alivyonavyo.

Kidonda ndugu ni kiongo. Juu kinang'aa, ndani chembe nyeupe za damu zinamwaga vimeng'enya, elastesi na wenzake. Kwenye jeraha la kawaida vinafagia uchafu na kazi inaisha. Hapa haviishi, vinatafuna mpaka nyama mpya. Halafu vitabu vinatufundisha kutafuta wekundu kuzunguka kidonda. Wekundu gani kwenye ngozi kama yetu?

Wenzetu wana jeli. Ni kitu kinachoshika maji, nyuzi zake zimeunganishwa kwa vipande vidogo vya protini. Kimeng'enya kikivikata, jeli inalegea na kuachia rangi. Rangi ikitoka, ujue huko chini bado moto unawaka.

Nikamsimulia rafiki yangu daktari, yuko Dar. Akacheka: "Bandeji zenyewe hazitoshi, wewe unaniletea jeli?"

Hapo ndipo damu inaponichemka! Kama bandeji hazitoshi, si ndiyo sababu ya kujua mapema kidonda kipi kinadanganya? Hii hoja ya "siyo saizi yetu" nimeichoka. Mwaka 2003 Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake walianza mradi wa Step by Step, wakafundisha madaktari na manesi wa Tanzania kutunza miguu ya wenye kisukari. Wangesubiri kila kitu kitoshe, mpaka leo wangekuwa wamekaa.

Ila na watafiti nina ugomvi nao. Vihisio vingi sasa wanavifunga kwenye chipu na simu za bei mbaya. Umeme ukikatika Kasingirima nani atavisoma? Tunataka rangi inayoonekana kwa macho matupu, isiyodai friji, iliyojaribiwa kwenye joto la Ujiji na kwenye miguu ya watu wa Ujiji. Vyuo vyetu vya afya viko wapi kwenye hili?

Mwaka 1870, ng'ambo ya ziwa huko Manyema, vidonda vya miguu vilimlaza Livingstone wiki kwa wiki, akawa anajipaka unga wa jiwe. Watalii wanakuja Ujiji kuona makumbusho yake. Paka, funga, subiri... hiyo nayo tumeitunza vizuri kuliko makumbusho.

Juzi mama mkubwa kanipigia. Kimetoka kingine, mguu wa pili. Wamemwambia kisafi.