Mwacheni Mtoto Akomboe Wenzake

Jumamosi iliyopita, kwenye kiwanja kisichojengwa jirani na tunapoishi hapa Mandewa, watoto tisa walikuwa wanacheza kombolela. Saba walishakamatwa, wamesimama karibu na kopo. Mmoja tu, hata miaka sita sidhani kama amefikisha, alikuwa amejibanza nyuma ya jiwe. Mateka wakaanza kugombana kwa kuigiza ili mlinzi ageuke. Akageuka. Dogo akachomoka mbio, akalipiga kopo teke, wote huru! Shangwe haijapoa, sauti ya mama ikatoka getini: "Wewe! Acha mchezo, njoo usome!"

Hebu tuulizane, ndugu msomaji. Mtoto yule alikuwa anafanya nini pale, kama si kusoma? Alipima umbali, akasubiri wakati wake, akaelewa ishara ya wenzake bila kuambiwa. Na wale saba walitunga igizo papo hapo, bila mwalimu.

Mpwa wangu ana miaka minne. Kila siku anarudi kutoka chekechea na kazi ya kunakili namba mpaka hamsini. Mwisho wa muhula akaletewa ripoti: wa kumi na saba. Wa kumi na saba katika nini, jamani? Darasani akimwonyesha jirani yake jibu, eti wameangaliziana, wanaadhibiwa wote wawili. Kwenye kombolela, anayejificha vizuri halafu asitoke kukomboa wenzake ndiye anayezomewa. Tunamfundisha mtoto wa miaka minne kwamba jirani ni mshindani, halafu akifika miaka thelathini tunalalamika ofisini kwamba hajui kushirikiana.

Najua nitajibiwa kwamba mchezo hauna cheti. Ni kweli. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inapotaja wajibu wa mzazi inaorodhesha chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na humo humo haki ya mtoto kucheza na kupumzika. Mzazi anayemnyima mwanawe chakula tunamshitaki. Anayemnyima mchezo tunamsifu kwamba yuko makini.

Nitajibiwa pia kwamba nje kuna hatari. Hapo sibishi. Kiwanja kile kimeshawekewa bikoni. Mwenye nacho akizungusha ukuta, watoto watahamia barabarani, kwenye bodaboda. Na wasichana ndio wa kwanza kuitwa ndani, mara maji, mara vyombo. Rede wanaijua, ila muda wa kujaza mchanga kwenye chupa huku wanakwepa mpira hawapewi.

Na sisi wapenzi wa fasihi tusijitoe. Tunakusanya methali, vitendawili na ngano, tunaandaa makongamano, lakini mchezo wa watoto tunauona wa kitoto. Kombolela ina mateka, ina mlinzi, ina mkombozi, na mwisho wake haujulikani mpaka kopo lilie. Mdako una kanuni ambazo watoto huzijadili kwa ukali kuliko wahakiki wetu. Tunalia kwamba vijana hawasomi riwaya. Aliyenyimwa nafasi ya kuishi ndani ya hadithi akiwa na miaka mitano, tunamtegemea aipende akiwa na ishirini?

Ninachodai si kikubwa. Walimu wa awali, acheni kuwapanga watoto kwa nafasi. Waacheni watatue jambo wawili wawili, wakosee, wabishane. Viongozi wa mitaa, kabla kiwanja cha mwisho hakijapimwa, tengeni kimoja cha watoto. Wazazi wenzangu, daftari litasubiri nusu saa.

Jioni ya leo, ukimsikia mwanao anapiga kelele huko nje, usiite kwanza. Chungulia. Huenda wenzake saba wanamtegemea.