Dhahabu katika kipimo cha malaria

Mama mmoja wa wanafunzi alituletea swali. Mtoto wake alishikwa na homa. Kwenye dispanseri wakamchoma kidole, wakatia tone la damu katika kibao cheupe, na mstari mwekundu ukaonekana, lakini hafifu sana, kama uzi uliofuliwa mara nyingi. Mama akasema moyoni: mstari ni hafifu, basi ugonjwa nao ni hafifu. Akampa dawa siku moja tu, zilizobaki akaziweka sandukuni. Siku ya tatu mtoto alirudishwa akiwa hana nguvu hata ya kuketi. Sasa amepona. Lakini mama atuuliza: wekundu ule ni kitu gani?

Ni dhahabu. Msicheke, wasomaji wapenzi. Ni dhahabu ileile ya pete ya arusi, ileile ichimbwayo kwetu Ituri, ila imefanywa chembe ndogo mno: mkizipanga chembe 25.000 mstari mmoja, zajaza milimita moja tu.

Mbona basi si ya manjano? Ndani ya dhahabu mna elektroni zitembeazo huku na huku. Nuru ikiipiga chembe ndogo kama hiyo, elektroni zake zayumba zote pamoja, kama maji katika karai linalotikiswa. Nanyi mwajua: ukitikisa karai kwa mwendo wake hasa, maji yaruka juu, ukibadili mwendo, yatulia. Mwendo wa chembe hizi ni ule wa nuru ya kijani. Hiyo yamezwa, nyekundu yapita, nasi twaona wekundu. Wataalamu huita myumbo huo plasimoni.

Waroma wa karne ya 4 hawakujua habari ya elektroni, walakini walitengeneza kikombe cha kioo chenye chembe za dhahabu na fedha, kinachoitwa cha Lycurgus, nacho kipo London katika British Museum. Kikimulikwa kwa nje ni cha kijani. Taa ikiwekwa ndani chawa chekundu. Mwaka 1857 Mwingereza Michael Faraday alieleza ya kuwa maji yake mekundu yalikuwa na dhahabu iliyosagika sana, na mwaka 1908 Mjerumani Gustav Mie akaonyesha kwa hesabu sababu ya rangi hiyo.

Turudi dispanseri. Chembe za kibao zimepakwa kingamwili, yaani vitu ambavyo mwili hutengeneza vya kumshika adui fulani tu. Hizi hushika protini ya kijidudu cha malaria. Damu yasafiri katika karatasi, yachukua dhahabu njiani, yafika penye kingamwili nyingine zisizosogea. Protini ikiwamo, yashikwa pande mbili kama daraja, na dhahabu yakwama hapo. Chembe moja jicho haliioni. Zikirundikana kwa wingi, mstari watokea. Mstari wa pili washuhudia ya kuwa safari imefika mwisho. Huo ukikosekana, kipimo ni bure, kifanywe kingine.

Kuna vyombo vyenye kuhisi zaidi. Mwaka 1983, huko Linköping katika Uswidi, Liedberg, Nylander na Lundström walitumia utando mwembamba wa fedha. Protini ikigusa tu na kunata, myumbo wabadilika, na nuru inayorudi yatoa habari, bila rangi yoyote kutiwa. Lakini vyombo vya namna hiyo ni vya maabara. Kijijini twategemea kibao.

Basi, mama, mstari hafifu ni mstari: malaria ipo. Wala usiupime ugonjwa kwa rangi. Pengine vijidudu ni vingi kupita kiasi, protini yajaza kingamwili za dhahabu na zile za mstari kila moja peke yake, daraja halijengwi, na mstari wafifia wakati mgonjwa yu katika hatari kubwa.

Umetuambia tena ya kuwa majuma mawili baada ya kupona alipimwa, na mstari ukawapo. Usiogope upesi. Vibao vingi hutafuta protini iitwayo HRP2, nayo hukaa katika damu kwa majuma kadhaa baada ya vijidudu kufa. Dhahabu haiwezi kutofautisha. Homa ikirudi siku hizo, omba damu yake itazamwe kwa mikroskopi.