Kubuni Si Kubahatisha

Wiki tatu zilizopita nilihudhuria uzinduzi wa riwaya hapa Tanga. Mwandishi ni kijana, ulimi wake mtamu, na ukumbi mzima ulikuwa upande wake. Ulipofika wakati wa maswali alisimama mama mmoja, nesi mstaafu, kitabu mkononi, ukurasa ameukunja pembe. Akauliza kwa upole: "Mwanangu, huyu Zuhura wako anapimwa kifua kikuu Jumatatu, Jumatano anakohoa damu kwenye leso nyeupe, Ijumaa anazikwa. Mimi nimefanya kazi wodini miaka thelathini. Huyu alikuwa anaumwa nini?"

Kijana akacheka. "Mama yangu, hii ni riwaya, si kitabu cha hospitali. Mtunzi hafungwi na ukweli." Makofi yakalipuka. Yule mama akakaa, akafunga kitabu, hakuuliza tena.

Mimi sikupiga makofi. Hasira ile ninayo hadi leo, na naiandika hapa kwa sababu kauli ile si ya kijana yule peke yake. Nimeisikia kwa walimu wa fasihi, kwa wachapishaji, kwa watengenezaji wa filamu: kwamba hadithi ni ya kubuni, basi kila kitu ndani yake ni ruhusa. Huo ni uvivu uliovishwa kanzu ya Ijumaa.

Tuanze na neno lenyewe. Anayechora nyumba tunamwita mbunifu wa majengo. Naye anabuni: nyumba ile haikuwapo, ameitoa kichwani mwake. Lakini hakuna ukumbi utakaompigia makofi akisema hafungwi na uzito wa zege. Kubuni kwake kunaanzia pale anapojua nguzo inabeba kiasi gani. Kwa nini basi anayebuni watu, wenye damu na mapafu, tumruhusu asijue pafu linachukua muda gani kuoza?

Hapo ndipo shina la hoja yangu, na nitalirudia hadi lieleweke. Ugonjwa una kalenda yake. Kalenda hiyo humpa mtunzi kisa, na asiyeijua amejinyima kisa.

Chukua kifua kikuu hicho hicho. Dozi yake ya kawaida ni miezi sita. Miezi miwili ya kwanza mgonjwa anameza dawa za aina nne kwa pamoja, minne inayofuata anabaki na mbili. Baada ya wiki chache anapata nafuu, hamu ya kula inarudi, jasho la usiku linakauka, na hapo ndipo shetani humjia: nimepona, vidonge vya nini tena? Nyumbani kuna mtu aliyepewa kazi ya kumsimamia ameze, pengine mkewe, pengine mama mkwe. Kati ya dawa hizo imo rifampisini, ambayo hugeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa iliyokolea, hata machozi na jasho hubadilika. Sasa mfikirie mwanamume aliyemficha mkewe ugonjwa wake, wanatumia choo kimoja. Mfikirie mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, naye hajaambiwa kwamba rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge vile. Miezi mitatu baadaye ana mimba ambayo hakuitaka. Anamwambia nani? Nani atamwamini? Hii ni riwaya nzima, na iko kwenye maelezo ambayo muuguzi yeyote wa kituo cha afya angemweleza kijana wetu bure. Yeye akachagua leso nyeupe yenye damu, leso ile ile tuliyoiona mara mia.

Nitaongeza jambo moja. Kule Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, kuna panya buku waliofunzwa kunusa makohozi na kutambua kifua kikuu. Panya! Mwandishi anayedai ana kipaji cha kubuni angekaa miaka kumi asibuni kitu kama hicho. Lakini kipo, mwendo wa basi wa saa chache kutoka Dar es Salaam.

Filamu zetu ndizo zimeharibu zaidi. Msichana anatapika asubuhi moja, anapelekwa hospitali, daktari anamshika kiganja cha mkono, anatabasamu: hongera, una mimba. Kichefuchefu cha mimba kwa kawaida huanza karibu na wiki ya sita tangu hedhi ya mwisho, na mimba haipimwi kwa kushika kiganja. Inapimwa kwa mkojo au damu. Uchungu wa mtoto wa kwanza mara nyingi hupita saa kumi na mbili, lakini kwenye filamu mama anapiga kelele tatu, kisha analetewa mtoto mkavu, ana miezi minne, shingo imekaza. Dripu imebandikwa kwa plasta juu ya mkono wa shati. Mzee anasomewa barua, anashika kifua, "presha" imemuua kabla barua haijaanguka sakafuni.

Mtasema ni burudani tu, nani anaumia? Nitawaambia nani anaumia.

Dada yangu aliugua mwaka niliomaliza shule. Alikohoa miezi mitatu. Kila usiku alilowesha shuka kwa jasho, akakonda hadi pete ikawa inamtoka kidoleni. Nyumba nzima tulimtazama na nyumba nzima tulikuwa na hakika si kifua kikuu, kwa sababu hakuwa anakohoa damu. Mama alikuwa akichungulia leso zake. Shangazi alisema amerogwa. Sote tuliingoja damu, kwa kuwa ndivyo tulivyoona kwenye michezo na kusoma vitabuni: mwenye kifua kikuu hukohoa damu, asiyekohoa damu hana. Hakuna daktari aliyetufundisha hivyo. Hadithi ndizo zilizotufundisha. Wagonjwa wengi hawakohoi damu kabisa. Kikohozi cha wiki mbili kinatosha kumpeleka mtu akapimwe. Sisi tulipoteza miezi mitatu, na katika miezi hiyo wadogo zetu wawili walikuwa wakilala naye chumba kimoja. Ndiyo maana nikisikia ukumbi unapigia makofi maneno "mtunzi hafungwi na ukweli", huwa siwezi kutabasamu.

Na jambo hili lina upande wake wa pili. Agatha Christie, Mwingereza aliyeandika hadithi za upelelezi, alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alizijua sumu kwa mizani na kwa dalili. Mwaka 1961 alitoa riwaya ambamo watu wanauawa kwa thaliamu, akaeleza dalili zake ipasavyo, pamoja na nywele kunyonyoka. Mwaka 1977 mtoto mdogo wa kike aliletwa London kutoka Qatar akiwa mahututi, na madaktari hawakujua anaumwa nini. Nesi aliyekuwa akimhudumia alikuwa anasoma riwaya ile. Akaona dalili za kitabuni ziko kitandani mbele yake, akasema. Vipimo vikaonyesha thaliamu, mtoto akatibiwa, akapona. Christie alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Kitabu chake cha "kubuni" kilimwokoa mtoto wa Ghuba kwa sababu tu mwandishi hakubahatisha.

Kuna wanaonijibu kwa sungura. Kila nikilizungumza jambo hili lazima atokee mmoja, anajiona amenibana: mbona kwenye ngano za bibi zetu sungura anaongea na fisi? Je, bibi naye alifanya utafiti? Ndiyo, alifanya. Fisi wa bibi anaongea, lakini hapandi mti. Anatembea usiku, analamba mifupa, mwendo wake umeinama nyuma. Sungura ni mdogo na ana mbio, na mdogo mwenye mbio huishi kwa ujanja. Bibi aliwajua wanyama wale kwa sababu walimlia mbuzi na mihogo yake. Uongo aliujenga juu ya ukweli aliouona kwa macho. Anayeleta sungura kutetea uzembe wake hajawahi kumsikiliza bibi yake vizuri.

Ugonjwa si mwisho wa habari. Hali ni mbaya zaidi kwenye riwaya za zama za kale. Mwaka juzi mchapishaji mmoja alinipa mswada niupitie, nao ulikuwa juu ya Kilwa ya karne ya 14. Ukurasa wa tatu, malkia anatafuna hindi la kuchoma. Ukurasa wa tisa, amevaa kanga yenye maneno ya kumsema mke mwenza. Upepo unaleta harufu ya mashamba ya mikarafuu kutoka Unguja. Na watu wote wananuka, kwa sababu, mwandishi anatueleza, "watu wa kale hawakujua kuoga".

Mahindi yametoka Amerika, na hayakuvuka bahari kuja huku kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Muhogo vilevile, ndiyo maana nasi tusimpe bibi wa karne ya 14 mihogo. Kanga ilianza kuvaliwa pwani yetu nusu ya pili ya karne ya 19. Mashamba ya mikarafuu ya Unguja ni ya mwanzoni mwa karne hiyo hiyo. Na kuhusu kunuka, msafiri Ibn Battuta alipita pwani hii mwaka 1331. Alipofika Mombasa aliona kwenye milango ya misikiti visima vifupi, vya kina cha dhiraa moja au mbili, na chombo cha mti chenye mpini cha kutekea maji. Mtu haingii kabla ya kuosha miguu, na mlangoni pametandikwa kitu kizito cha kuifutia. Kilwa yenyewe, Husuni Kubwa, kasri ya Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ina birika la kuogea lenye pande nane. Magofu ya Gedi yana vyoo ndani ya nyumba. Hao ndio watu wasiojua kuoga?

Angalia sasa alichopoteza mwandishi yule. Birika la pande nane limechimbwa kasrini juu ya genge, bahari iko chini. Maji hayapandi genge yenyewe. Nani aliyabeba? Kwa ndoo gani, mara ngapi kwa siku, na alijua nini kuhusu mwili wa sultani ambacho mawaziri hawakukijua? Kisa kilikuwa pale, kimekaa miaka mia sita na zaidi kikimngoja mwenye macho. Hata chakula kingekuwa kitamu zaidi. Mogadishu, safari ile ile, Ibn Battuta aliandaliwa wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi mbichi na embe. Mwandishi wetu akampa malkia hindi la kuchoma la kituo cha mabasi.

Na sisi wa Tanga tuna kisa chetu ambacho sijaona riwaya inayokigusa. Januari 1499 baharia Mreno Vasco da Gama alirudi kutoka India baada ya miezi karibu mitatu baharini. Kiseyeye kiliwavimbisha mabaharia wake ufizi hadi ukafunika meno, wasiweze kula, wakafa watu thelathini katika kuvuka. Walipofika Malindi waliomba machungwa. Siku chache baadaye, karibu na Mtang'ata hapa pwani kwetu, waliichoma wenyewe jahazi yao moja, São Rafael, kwa kuwa watu waliobaki hawakutosha kuendesha jahazi tatu. Ufizi uliovimba umeteketeza jahazi. Anayeshindwa kupata riwaya hapo aache kuandika, akauze machungwa.

Tena hatuna kisingizio kwamba hatuna mfano. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kitabu chake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe, nacho kikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ni kisa cha mume na mke wanaohangaika kupata mtoto. Dawa zimeandikwa, uganga umeandikwa, uzazi, pombe ya ndizi, uvuvi, adabu za kumpokea mkwe, vyote kwa subira ya mtu aliyekwenda kuuliza wazee na kukumbuka walichosema. Alifariki mwaka 1981. Alifanya hayo kisiwani, ndani ya Ziwa Viktoria, bila simu mfukoni. Kijana wa uzinduzi ana simu, na nesi mstaafu alikuwa amesimama mbele yake, tayari kumfundisha. Akamcheka.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaoandika, na hasa ninyi mnaochapisha. Mswada ukiwa na mgonjwa, mpeni muuguzi ausome, na mmlipe. Ukiwa na mtu wa karne ya 14, mpeni mtu wa makumbusho. Wewe msomaji, ukiona mhusika amekufa kifo kisichokuwapo duniani, simama ukumbini uulize kama alivyouliza yule mama, na wakipiga makofi usikae.

Dada yangu alipimwa makohozi hatimaye kwa sababu jirani yetu alikuwa mhudumu wa zahanati na alilazimisha. Alimeza dawa zote, miezi sita kamili. Ana wajukuu wanne sasa. Hakuwahi kukohoa damu hata mara moja.