Michezo ya Simu: Mashujaa Wetu Wangali Mlangoni

Apitaye Uriri, kwenye barabara kuu itokayo Kisii kwenda Migori, hakosi kuwaona vijana walioinamia simu zao, kama vile waonekanavyo Likoni au Malindi. Mara nyingi mchezo unaowashughulisha umetengenezwa ng'ambo, na mashujaa wake ni wa ng'ambo. Yafaa tujiulize sababu, kwani mafundi hatukuwakosa.

Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa mchezo wa kompyuta uitwao The Adventures of Nyangi, kisa cha mwanamke atafutaye vitu vya kale vya Kiafrika. Mwaka 2009 aliungana na Mghana Eyram Tawia, wakaanzisha studio ya Leti, iliyojulikana baadaye kwa jina la Leti Arts, yenye mguu mmoja Nairobi na mwingine Accra. Wakatoa iWarrior, mchezo wa kulinda kijiji dhidi ya wanyama wakali. Wakamchukua Ananse, buibui mjanja wa ngano za Ghana, wakamtia katika katuni na michezo. Kisha ukaja mradi wa Africa's Legends, uliowakusanya mashujaa wa bara zima.

Kazi nzuri, lakini msanii naye hula. Tangu mwaka 2007 Kenya ilikuwa na M-Pesa, na hata mwenye kibanda sokoni alipokea pesa kwa simu. Ila maduka ya michezo ya ng'ambo yalidai kadi ya benki kwa miaka mingi. Kijana wa Uriri aliyekuwa na shilingi zake katika simu hakuwa na njia ya kuununua mchezo wa Mkenya mwenzake! Basi studio ilijikimu kwa kazi za kuagizwa: mashirika yalitaka michezo ya kuelimisha, nayo ikawatengenezea. Ndiyo siri ya kudumu kwake. Mwaka 2022 Leti Arts na Usiku Games ya Nairobi zilikuwa miongoni mwa studio 10 za nchi mbalimbali za Afrika zilizoungana kuunda Pan Africa Gaming Group, kwa kutambua kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwetu sisi Waislamu jambo hili lina uzito wa ziada. Iko njia nyingine ya kupata pesa kwa michezo, nayo ni kamari, ambayo Kurani imeiharamisha wazi katika Sura ya Al-Maida. Hata baadhi ya michezo ya watoto humwuzia mchezaji sanduku lililofungwa, asijue atapata nini ndani. Mtoto huyo anafundishwa kubahatisha kabla hajajua kuhesabu faida. Kukemea peke yake hakutoshi. Mtoto aliyekatazwa sharti aonyeshwe kilicho halali.

Na hazina tunayo. Wajaluo husimulia habari za Lwanda Magere, ambaye mwili wake haukupenya mkuki kwa kuwa nguvu zake zilikuwa kivulini. Mkewe, binti wa maadui, akaitoa siri. Sisi tunaye Fumo Liyongo, asiyedhurika ila kwa sindano ya shaba kitovuni, naye akauawa na mwanawe. Nyanza wana ajua, Pwani tuna bao. Yote ni mashimo, kete na hesabu za kichwani. Ni kana kwamba wazee wa ziwani na wa baharini walikaa baraza moja.

Lakini hazina isiyotolewa sandukuni haimlishi mtu. Wazazi, wanapowanunulia watoto michezo, waulize imetengenezwa wapi na inafunza nini. Madrasa na shule ziwaagizie vijana mafundi kazi, kama mashirika yalivyowaagizia Leti. Na wazijuao ngano zetu wawasimulie mafundi hao mapema. Tusipofanya hivyo, ipo siku kampuni ya mbali itatuuzia Liyongo wetu, na huenda ikamtia ndani ya sanduku lile lile la kubahatisha.